Msiba bila sura ya mfiwa: mchanga unatosha

Swali la wiki lilikuwa: Je, picha inaweza kueleza msiba bila kumwonyesha mtu analia?

Inaweza, na sisi wa Kigoma nyenzo tunaikanyaga kila siku. Kamera ikiingia matangani huwa inawaonea wafiwa. Ufukweni haimwonei mtu. Ila utupu peke yake hauleti huzuni, vinginevyo kila picha ya kadi za watalii ingetutoa machozi. Huzuni inakuja na kiasi cha kivuli ambacho mpiga picha anakubali kibaki cheusi.

Vilima vya mchanga vya kweli hatuna. Vya jangwa la Namib viko mbali, na hata ule mchanga mweusi unaohama karibu na Oldupai, jivu la volkano lenye umbo la hilali linalosogea takribani mita 17 kwa mwaka, si wa kwendea jioni moja. Kuanzia Kibirizi hadi Ujiji tuna kingo zinazojengwa na mawimbi, za sentimita 20 au 30, na tangu ziwa lipande miaka ya karibuni fukwe zenyewe zimekuwa nyembamba. Zinatosha. Shusha kamera hadi shubiri moja kutoka chini, tumia lenzi pana ya milimita 24 hivi, kaa nusu mita kutoka kwenye ukingo: ukingo huo utapanda mpaka ufunike maji na kuonekana kilima. Kwa simu, igeuze juu chini ili lenzi ndiyo iwe karibu na mchanga. Ondoa kila kitu ambacho ukubwa wake unajulikana. Dagaa mmoja aliyedondoka wakati wa kuanika anafichua hila yote.

Ufukwe wetu unatazama magharibi. Ukielekeza kamera ziwani jioni utapata jua la rangi ya chungwa na mchanga usio na umbo, yaani picha ambayo kila simu mjini inayo. Piga kwa kufuata ufukwe, mwanga uje kwa ubavu. Juni na Julai jua huchwa kaskazini kidogo ya magharibi, hivyo tazama kaskazini, vivuli vije kwako. Desemba geuka, tazama kusini. Saa nayo ina hesabu yake. Huku jua huzama karibu saa moja jioni, na linashuka nyuzi 15 kwa saa. Kunyanzi la mchanga la sentimita 1 linatupa kivuli cha sentimita 6 hivi jua likiwa nyuzi 10 juu ya upeo, na zaidi ya 11 likifika nyuzi 5. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye dakika 40 za mwisho, na baada ya hapo mwanga wa utusitusi unadumu dakika 20 tu.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani, nayo ikiona kivuli kikubwa inaongeza mwanga ili ikisaidie. Usiikubalie. Weka ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, fokasi kwenye kilele cha ukingo, kisha punguza stopu moja hadi moja na nusu (kila stopu ni nusu ya mwanga), ukihifadhi faili ya RAW, yaani picha ambayo kamera haijaichakata. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie sehemu ang'avu ya mchanga mpaka ifunge, vuta alama ya jua chini, na uzime HDR kama simu inaruhusu, maana kazi yake ni kufukua vivuli, na wewe unavitaka vizikwe. Mpiga picha Mmarekani Edward Weston alipopiga vilima vya Oceano, California, mwaka 1936, vivuli vyake vilikuwa na uzito sawa na mchanga wenyewe.

Moshi wa nyika kuanzia Julai hadi Septemba unafuta milima ya Kongo. Wengine wanaukimbia, kwa kazi hii ni neema, kwani upeo unapotea na jicho halina pa kwenda. Masika mchanga uliolowa hugeuka mweusi na kuachwa na vishimo vya matone, na hapo hata saa sita mchana yenye mawingu inafaa.

Nyayo zinazopotelea mbali ziache. Zimechoka.

Ukitumia traipodi, kile kisimamio cha miguu mitatu, karibu na maji, kila wimbi likirudi linachota mchanga chini ya miguu yake na picha inatikisika. Iwekee vifuniko vya ndoo chini ya miguu hiyo. Usibadilishe lenzi kwenye upepo, wala usifute kioo kabla ya kupuliza kwa pampu ya mpira, kwani chembe moja inatosha kukikwaruza.

Nyumbani geuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, kisha gusa rangi moja moja: ukishusha chungwa na njano mchanga unazama gizani, ukishusha bluu anga linazama gizani. Bluu ikishushwa mno anga hujaa chenga.

Kama picha ni ya kupelekwa kwa wafiwa siku ya arobaini, isafishwe kwenye karatasi isiyong'aa. Karatasi huonekana nyeusi kuliko kioo cha simu, hivyo punguza mwanga wa kioo hadi nusu unapohariri, na omba studio ikutolee kwanza nakala ya sentimita 10 kwa 15. Ikiwa kivuli kimekuwa lami tupu, ongeza theluthi ya stopu, kisha ndipo uagize kubwa.