Ualimu wa Kiingereza Korea Kusini: mkataba, jina na bomba la maji ya moto

Uraia ndio wa kwanza kuangaliwa, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza ada za mawakala. Viza ya E-2, ambayo walimu wengi wa Kiingereza huitumia, kimsingi hutolewa kwa raia wa Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya au Mtanzania mwenye pasi ya nyumbani hapiti mlango huo hata kama Kiingereza amekisomea chuo kikuu, na wakala anayeahidi kumpitisha anataka fedha zake tu. Aliyekwisha kupata uraia wa Kanada au Uingereza anapita. Aliyefunga ndoa na Mkorea ana viza ya F-6, nayo inamruhusu kufanya kazi bila kufungwa na mwajiri mmoja.

Shahada na cheti cha polisi (cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu) vyote vinahitaji apostili, yaani uthibitisho wa kimataifa wa hati. Kwa Wamarekani, cheti kiwe cha FBI, na apostili yake itoke serikali kuu Washington; cha polisi wa jimbo kitarudishwa. Cheti cha polisi huisha muda upesi kuliko shahada, basi kiombe mwishoni.

Kazi ziko za aina mbili kubwa. Shule za serikali, kupitia mpango wa EPIK, huingiza walimu kabla ya mihula inayoanza Machi na mwishoni mwa Agosti. Vipindi ni hadi 22 kwa wiki, ila unakaa shuleni saa 40, na wakati wa likizo ya wanafunzi unaweza kutakiwa ukae mezani darasa likiwa tupu. Hagwon ni vituo binafsi vya tuisheni: vingi huanza mchana na kumaliza usiku, na huajiri mwaka mzima. Hapa ndipo mkataba unapotakiwa kusomwa neno kwa neno.

Angalia kwanza saa za kufundisha zinavyohesabiwa. “Saa 30 kwa wiki” zikihesabiwa kwa dakika, na kipindi kikiwa cha dakika 45, maana yake ni vipindi 40. Hivyo ni 8 kila siku, na maandalizi juu yake. Omba idadi ya vipindi iandikwe.

Kisha angalia makato. Mwajiri anayekata asilimia 3.3 tu anakuandikisha kama mkandarasi huru, si mfanyakazi. Kwa mshahara wa won 2,400,000 anakata 79,200, na unaona umepata nafuu kwa sababu hakuna pensheni wala bima. Nafuu hiyo ni ya mwezi mmoja mmoja. Unapoteza kiinua mgongo, ambacho kisheria ni wastani wa mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka uliotimia, yaani kama 2,400,000 nyingine. Unapoteza nusu ya pensheni ambayo mwajiri alipaswa kulipa: mwaka 2026 mchango ni asilimia 9.5, nusu yako na nusu yake. Bima ya afya nayo utailipa yote mwenyewe. Mwalimu wa E-2 anayepangiwa saa, darasa na kitabu ni mfanyakazi, liwe lolote lililoandikwa juu ya karatasi.

Mkataba wa miezi 11 ukatae moja kwa moja, kwa kuwa kiinua mgongo huanza mwaka ukitimia. Uliza pia kuhusu barua ya ruhusa ya kuhama: ukitaka kubadili kazi katikati ya mkataba, kwa kawaida uhamiaji huitaka kutoka kwa mwajiri wa zamani. Na masomo ya faragha ya kulipwa usiyaguse. E-2 hairuhusu, na adhabu yake inaweza kufika hadi kufukuzwa nchini.

Kadi ya ukaazi huombwa ndani ya siku 90 tangu kuingia. Miadi ya uhamiaji kupitia tovuti ya HiKorea hujaa, basi ishike wiki ya kwanza, huku ukipima afya katika hospitali iliyoidhinishwa (kipimo cha dawa za kulevya kimo). Bila kadi, laini ya simu ya mkataba na huduma nyingi za benki husubiri.

Jina nalo lahitaji uangalifu. Ununuzi mtandaoni, benki na programu nyingi huthibitisha mtu kwa kulinganisha jina lililo kwenye simu, akaunti na kadi ya ukaazi. Mifumo hiyo hailinganishi maana, inalinganisha herufi na nafasi. Sisi wenye majina matatu tunaumia zaidi: benki ikiandika mawili na kampuni ya simu ikaandika matatu, au moja ikatanguliza jina la ukoo na nyingine la kwako, uthibitisho hukataa bila kueleza sababu. Kila kaunta wape kadi yenyewe, usitamke jina, na kabla ya kuondoka soma walichoandika.

Shuleni unavua viatu mlangoni na kuvaa ndara za ndani, basi nunua zako. Kipindi ni dakika 40 shule ya msingi, 45 ya kati, 50 ya juu. Chakula cha mchana hutolewa, na ratiba ya mwezi huwa na namba za vyakula vinavyodhuru wenye mzio: 10 ni nguruwe, 16 ng'ombe, 15 kuku, 9 kamba. Muislamu akariri hiyo 10, kwani hata supu inayoonekana ya mboga inaweza kuwa nayo. Nyama ya halali na unga wa ugali hupatikana Itaewon, Seoul, karibu na msikiti mkuu.

Nyumba hupashwa joto kupitia sakafu. Kidhibiti cha ukutani kina onsu (maji ya moto), nanbang (joto la sakafu) na oechul (umetoka). Kuoga tumia onsu peke yake. Anayewasha nanbang ili apate maji ya moto ndiye anayeletewa bili ya gesi ya kutisha. Ukisafiri majira ya baridi usizime kabisa. Weka oechul na uache bomba lidondoke kidogo, la sivyo mabomba yataganda.

Takataka za kawaida zinaingia kwenye mifuko maalumu ya wilaya yako, inayouzwa madukani; ya wilaya nyingine usiitegemee. Mabaki ya chakula hutengwa kwa sababu hugeuzwa chakula cha mifugo na mbolea. Kwa hiyo mifupa ya kuku, maganda ya mayai, ya kitunguu na kokwa za embe huenda na takataka za kawaida. Ukikosea kuna faini.

Ukimaliza mkataba, kiinua mgongo kinapaswa kulipwa ndani ya siku 14. Kisipolipwa, piga 1350, namba ya Wizara ya Ajira na Kazi, kisha fungua malalamiko ungali nchini, ukiwa na mkataba, hati za mshahara na taarifa ya benki. Wamarekani, Wakanada na Waaustralia hurudishiwa michango ya pensheni, yao na ya mwajiri; ombi lipelekwe ofisi ya pensheni kabla ya safari, na pasi, kadi ya ukaazi, tiketi na namba ya akaunti mkononi.