Sakafu ya kuegeshea gari imepasuka katikati: usikimbilie kuongeza saruji

Ndugu, umesema sakafu ya kuegeshea gari imepasuka katikati ingawa fundi aliongeza saruji. Mimi ningeanza na maji. Zege huvumilia sana kukandamizwa, lakini likipindwa, kama sakafu inapobeba gari, nguvu yake ni kama asilimia 10 hadi 15 tu ya ile ya kukandamizwa. Maji ya ziada hulidhoofisha zaidi, hivyo kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, maji yasizidi lita 25, ukihesabu na yaliyomo kwenye mchanga uliolowa. Mafundi wengi hupenda zege la uji kwa sababu halichoshi mikono!

Kokoto nazo zitazame vizuri. Zege likipindwa, ufa huanzia mara nyingi pale saruji inapogusana na jiwe. Ndiyo maana kokoto za kupondwa, zenye kingo na uso wa kukwaruza, hushika kuliko changarawe laini za mtoni. Zikiwa na vumbi, zioshe. Saruji ya kupitiliza huongeza kusinyaa, na nyufa huweza kutokea hata kabla gari halijapanda.

Ukimwaga upya, shindilia udongo wa chini kwanza, kisha mwagilia zege angalau siku 7 mfululizo.