Potfolio ya dijitali: punguza picha, ongeza maswali

Potfolio, yaani mkusanyo wa kazi za mwanafunzi, nyingi za Mtaala wa Umilisi (CBC) wa Kenya hufia muhula wa kwanza, na kinachoziua ni wingi wa picha. Piga hesabu: wanafunzi 45, picha 3 kila wiki, wiki 13. Hizo ni picha 1,755. Kila moja ikiwa na MB 4, umekwisha kula GB 7, karibu nusu ya zile GB 15 za bure za Google Drive. Nani atazikagua?

Kazi 6 kwa kila mwanafunzi kwa muhula zinatosha, mradi 3 kati yake ziwe na rasimu ya kwanza kando ya nakala safi. Rasimu iandikwe darasani. Ikienda nyumbani utajikuta unamtathmini mzazi, na wazazi wengine wanajua kuchora kwelikweli.

Faili iitwe hivi: G5_17_insha_r1_2025-06-03. Yaani gredi, namba ya rejista badala ya jina, kazi, rasimu, kisha tarehe inayoanza na mwaka ili faili zijipange zenyewe. Piga picha karibu na dirisha, simu ikiwa juu ya ukurasa moja kwa moja. Dirisha likiwa mgongoni, kivuli chako kinafunika mistari.

Kiini chenyewe ni maelezo ya mwanafunzi. Ukimuuliza kwa nini amechagua kazi hii, atajibu "kwa sababu ni nzuri". Muulize: umebadilisha nini kati ya rasimu ya kwanza na ya pili, na kwa nini? Hapo utapata jibu kama "nimeondoa 'kisha' nne, zilikuwa zinachosha". Sentensi hiyo ndiyo ushahidi wa kumweka kwenye kiwango cha kufikia matarajio ya mtaala au kuyazidi; picha peke yake haikuambii. Asiyeweza kuandika arekodiwe sauti kwa sekunde 30, maana video ya dakika moja inaweza kupita MB 100.

Kabla ya kujaza alama, walimu wawili wapime potfolio 5 zilezile kila mtu kivyake. Wakitofautiana, kasoro mara nyingi iko kwenye vigezo.

Usitume kiungo cha folda ya darasa zima kwenye WhatsApp ya wazazi. Kila mtoto awe na folda yake, mzazi apewe ruhusa ya kutazama tu, na idhini yake ichukuliwe mapema, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inavyotaka kwa data za watoto. Akaunti iwe ya shule. Ikiwa ya mwalimu, siku akihamishwa potfolio zote zinahama naye.