Kugawa duka kwa jina la mke ili mauzo yasifike kiwango cha VAT: inafaa?

SWALI

Assalaamu alaykum sheikh. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, huu mwaka wa tisa. Mwaka jana mauzo yalifika kama milioni 190, na mwaka huu nikienda hivi hivi yatavuka milioni 200 kabla ya Desemba. Hapo nitalazimika kujisajili VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Wateja wangu ni mafundi na watu wanaojijengea wenyewe, hawana pa kuidai kodi hiyo irudishwe. Jirani yangu hajasajiliwa, nami nikiongeza asilimia 18 watahamia kwake. Mhasibu wangu amenishauri nisajili biashara ya pili kwa TIN (namba ya mlipa kodi) ya mke wangu: rangi na mabomba viwe "vyake", saruji na nondo viwe vyangu, tuweke plaiwudi katikati ya duka. Fomu ziko mezani, imebaki sahihi ya mke tu. Mwenzangu mmoja msikitini ananiambia nisihangaike, kodi zote ni maks, yaani ushuru wa dhuluma, na kuzikwepa si dhambi. Mimi nilikuwa nimewaza jambo jepesi zaidi: nikikaribia kiwango nikatae oda kubwa, au nifunge wiki mbili za Desemba niende Kondoa kuwaona wazee. Lipi katika haya linafaa?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu yangu, nianze na hilo ulilolitaja mwisho kama mtu anayeona haya, maana ndilo jepesi. Kukataa oda, au kufunga duka ukaenda kuwaona wazee, ni halali yako. Hakuna aliyekulazimisha kuuza. Sheria ikisema ukifika hapa utafanya hivi, nawe ukaamua usifike hapo, hujavunja kitu.

Tena usidhani kuamua biashara kwa kuangalia ushuru ni ujanja wa siku hizi. Imam Malik amepokea kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Allah amridhie, aliwatoza wafanyabiashara wa Kinabati, waliotoka Sham, nusu ya moja ya kumi, yaani asilimia 5, katika ngano na mafuta, akikusudia shehena za bidhaa hizo ziongezeke Madina. Na katika jamii ya kunde akawatoza moja ya kumi kamili. Amirul Muuminina alijua kuwa mtu wa Sham anapofunga mizigo kwenye ngamia tayari anapiga hesabu ya ushuru wa mbele, akapunguza upande mmoja ili ngamia wabebe kile ambacho watu wa Madina wanakihitaji. Angekuwa anaona dhambi kwa mfanyabiashara kubadili uamuzi kwa sababu ya ushuru, asingeupanga ushuru wake kwa kutegemea jambo hilo hilo.

Katika madhehebu yetu ya Shafi lipo jambo la karibu na lako. Mtu akiuza mifugo yake kabla mwaka haujatimia ili tu aikimbie zaka, wanasema zaka imemwondokea lakini amefanya jambo la kuchukiza. Malik na Ahmad ni wakali zaidi, kwao zaka inabaki shingoni. Lakini tazama wanachokijadili: mtu aliyeuza kweli, mifugo ikatoka kweli zizini mwake. Nawe hapo unaikimbia kodi ya serikali, huikimbii zaka ya Mola wako, kwa hiyo jambo lako ni jepesi kuliko lake. Ukifunga duka, limefungwa kweli, na hasara ya Desemba umeila kweli.

Sasa plaiwudi.

Mhasibu wako amekupeleka penye hadithi inayomhusu moja kwa moja. Katika waraka ambao Abu Bakr Siddiq alimwandikia Anas kuhusu zaka aliyoifaradhisha Mtume, rehma na amani zimshukie, mna maneno haya: hakikusanywi kilichotengana wala hakitenganishwi kilichokusanyika kwa kuichelea sadaka. Imam Bukhari ameyapokea katika mlango wa zaka, kisha akayarudia katika mlango wa hila. Imam Malik akayafafanua kwa kondoo. Watu watatu, kila mmoja ana kondoo 40, kila mmoja anadaiwa kondoo mmoja. Mkusanya zaka akikaribia wanawachanganya, wanakuwa 120, na 120 wanatolewa mmoja tu. Au kinyume chake: washirika wawili, kila mmoja ana 101, jumla 202, wanadaiwa watatu. Wakisikia mkusanyaji yuko njiani wanawatenganisha, kila mtu anatoa mmoja, wa tatu amenusurika. Akishapita, kondoo wanarudi zizini walimokuwa.

Badilisha kondoo weka mabomba na saruji, ni kitu kile kile. Najua utasema hadithi ni ya zaka na hii ni VAT. Kweli, na sikwambii kuwa VAT ni zaka. Wala ukilipa moja hujalipa nyingine. Nachukua kipimo tu: kuonyesha mgawanyo usiokuwepo ili kiwango kisifikwe. Uongo hauwi halali kwa kuwa anayedanganywa ni serikali.

Utauliza, na duka moja linajulikanaje? Wanazuoni wetu wamelijibu hilo kwa undani unaoshangaza. Imam Nawawi anapoeleza lini mali za biashara za watu wawili zinahesabiwa kama mali moja katika zaka, ametaja sharti kwamba zisitofautiane duka, mlinzi, mahali pa kuhifadhia, na mfano wa hayo. Pita dukani kwako na orodha hiyo. Mlinzi wa usiku ni mmoja? Stoo ni moja? Ufunguo? Droo ya fedha? Mteja akinunua ndoo ya rangi na mifuko mitatu ya saruji, atalipa mara mbili kwa watu wawili, au utapokea wewe kisha usiku ugawe kwenye daftari? Kama ni wewe na usiku, hilo ni duka moja lenye plaiwudi.

Huyo mwenzako wa msikitini ana kauli ambayo si ya kubeza, ila ameichukua nusu. Hadithi za maks zipo. Katika kisa cha yule mwanamke wa kabila la Ghamid aliyekiri zinaa, Mtume alisema ametubia toba ambayo lau mwenye kutoza maks angetubia mfano wake angesamehewa. Ni tishio kubwa, na wapo wanazuoni, hata wa zama zetu, wanaoiingiza humo kila kodi isiyokuwa zaka. Lakini wengine, na miongoni mwao Ghazali na Shatibi, wamejuzisha mtawala kuwatoza watu mali pale hazina inaposhindwa kubeba mahitaji ya umma, kwa masharti. Masharti hayo si ya mchezo. Wamongoli walipokaribia Misri, mtawala wake Qutuz alitaka kukusanya mali za watu kwa ajili ya vita. Mwanazuoni Izzuddin bin Abdissalam akamwambia waanze watawala kutoa dhahabu na mapambo yao, wakiishiwa ndipo waende kwa raia. Kwa hiyo mwananchi anayelalamika kuwa kodi inaliwa ana haki ya kulalamika, na mwenye kuila atasimama mbele ya Allah. Mimi naiona hoja ya kundi la pili kuwa na nguvu zaidi kwa nchi kama yetu, ambayo barabara za mwenzako huyo na hospitali alikojifungulia mkewe hazikujengwa kwa ghanima, mali zilizotekwa vitani.

Hata ukiifuata kauli ya kwanza haikufikishi anakotaka. Waliosema mtozaji ni dhalimu hawakusema mtozwaji ajaze fomu za uongo na kumpa mkewe asaini. Isitoshe, VAT ina jambo lake. Ukishasajiliwa ukamtoza mteja 18, ile 18 haijawahi kuwa yako. Mteja amekukabidhi uipeleke. Ukiibakiza mfukoni hukukwepa kodi yako, umekula amana ya mtu.

Nilikutana na hilo ana kwa ana. Tulipokuwa tunajenga vyoo vya madrasa, kamati ilinituma kununua nondo na saruji. Kijana wa dukani akaniangalia kanzu, akauliza kwa adabu: "Shekhe, unataka bei ya risiti au bei ya kawaida?" Nakiri ulimi ulikuwa unaelekea kwenye ya kawaida, fedha za madrasa hazitoshi kamwe. Nikasema ya risiti. Nikalipa 480,000, mashine ya EFD ikanitolea karatasi ya 240,000. Mweka hazina wetu, mzee mmoja mkali aliyewahi kuwa karani, akaikataa mbele ya kamati nzima, nikabaki najieleza kama mwizi. Tangu siku hiyo siwezi kuliita jambo la risiti "mambo ya serikali".

Nirudi kwenye hofu yako ya wateja, maana inanipa shaka kuwa hesabu haijapigwa vizuri. Nimekaa dukani kwa baba yangu miaka sita kabla ya kwenda kusoma, uniwie radhi nikiingilia. Chukua mzigo ambao bei yake kwa msambazaji ni 100,000 kabla ya VAT. Wewe na jirani yako nyote mtalipa 118,000. Yeye hajasajiliwa, ile 18,000 hana pa kuidai, imekuwa gharama yake. Akitaka faida ya 20,000 atauza 138,000. Wewe uliyesajiliwa unaanzia kwenye 100,000, unaongeza faida yako 20,000, unatoza asilimia 18 ya 120,000 ambayo ni 21,600, unauza 141,600. Katika hiyo 21,600 unakata ile 18,000 uliyokwisha kumlipa msambazaji, unapeleka 3,600. Tofauti yako na jirani ni 3,600, si 18 kwa mia. Kuna fundi atakayevuka barabara kwa 3,600? Wapo, hasa kwenye mifuko mingi. Lakini si soko zima.

Hesabu hii inasimama kwa sharti moja tu: msambazaji awe amekupa risiti halali. Asipokupa, huna cha kukata, na 21,600 yote inakwenda. Nashuku hapa ndipo panapokuuma, ila umeona tabu kusema. Kama nusu ya mzigo wako unaununua "bei ya kawaida", basi kisu kinachokukata umekinunua mwenyewe kwa jumla. Anza kubadilisha wanaokuuzia kabla hujafika kwenye kiwango. Na upande wa pili kuna milango inayofunguka: wakandarasi na taasisi wanaohitaji risiti ya VAT ili nao wakate, ambao leo wanakupita. Oda kubwa unazotaka kuzikataa huenda ndizo za watu hao.

Kumbuka pia kuwa kiwango chenyewe hakikukaa pale pale. Hadi katikati ya 2023 kilikuwa milioni 100, kikapandishwa kuwa 200. Watu niliowajua waliokuwa wamekata maduka yao vipande viwili chini ya milioni 100 waliamka siku moja wakakuta hawakuwa na haja ya kukata, na kuunganisha ikawa kazi nyingine.

Limebaki la mke, nalo naona ndilo zito kuliko yote, ingawa kwenye swali lako limekuja kama sahihi tu. Katika dini yetu mali ya mke ni ya mke. Hachanganyi na ya mume kwa sababu ya ndoa. Ukiandika kuwa rangi na mabomba ni vyake, una mawili. Ama umempa kweli, na hiba kwa Shafi inatimia kwa kukabidhi: ashike mzigo, aamue bei, faida iingie kwake, zaka yake aitoe yeye. Kesho akitaka kumuuzia kaka yake sehemu ile, huna neno. Mkiachana hairudi kwako. Ukifa, warithi wako hawaigusi. Yeye anabaki nayo na juu yake anachukua thumni yake, moja ya nane, katika iliyobaki, kama umeacha watoto. Ama hujampa, umeazima jina lake, na siku ukifumba macho watoto wako na yeye watasimama mbele ya kadhi na karatasi inayosema kitu ambacho wewe peke yako ulijua si kweli.

Kama roho yako inaridhia la kwanza, mgawie. Hiyo ni biashara mbili kweli, na ikitokea kila moja ikabaki chini ya kiwango, hapo huna lawama kwangu. Muulizeni ofisa wa kodi mapema namna ya kuzisajili, mkimweleza hali ilivyo. Lakini kama umesoma mistari hiyo mkono ukakushika kifua, basi jibu la fomu unalo.

Na kwa kuwa sahihi inayotakiwa ni yake, asomewe fomu nzima kabla hajapewa kalamu. Akitaka kuuliza mwenyewe, mlete baada ya Alasiri, mke wangu huwa yupo nyumbani.

Wallahu a'lam.