The Italian Job: ya 1969 au ya 2003?

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuitafuta The Italian Job ya 1969 wakati ya 2003 umeshaiona na umeipenda. Haja ipo, tena kubwa. Nitagusa miisho ya zote mbili, kwa hiyo ambaye hajaziona apite.

Ya 2003 ndiyo niliyoanza nayo, kwenye kibanda umiza, na sauti ya mtafsiri juu yake. Kilichotushika pale ni kisasi. Genge linaiba dhahabu ya dola milioni 35 Venice: wanalipua sakafu, sefu inashuka ghorofa kwa ghorofa mpaka majini, huku boti nyingine ikikimbia kuwapoteza maboya wanaowafukuza. Kwangu hapo ndipo filamu ile ilipo bora kuliko sehemu nyingine yoyote. Kisha Steve (Edward Norton) anawageuka wenzake na kumuua mzee John Bridger (Donald Sutherland). Kuanzia hapo kila mtazamaji ana upande. Binti wa marehemu, Stella (Charlize Theron), ni fundi wa kufungua sefu, na anaingia kazini akiwa na uchungu wa baba yake. Dhahabu yenyewe inabaki kisingizio.

Ya zamani haina hesabu hiyo. Charlie Croker (Michael Caine) ametoka jela, na mpango ameachiwa na rafiki yake aliyeuawa na mafia milimani. Angekuwa steringi wa leo, angeanza na mafia. Charlie anaitaka dhahabu tu, basi. Na bosi anayemgharamia, Bridger wa Noël Coward, ni mfungwa anayeongoza genge akiwa gerezani.

Nusu ya kwanza inakwenda taratibu, sikufichi. Vumilia mpaka Turin, mji wa Italia. Wanabadilisha tepu ya kompyuta inayoongoza mataa, na mji mzima unakwama. Foleni ile inaonyeshwa kwa kina: madereva wameshuka wanagombana, honi hazinyamazi, polisi wamebanwa katikati. Gari la dhahabu linavamiwa, mzigo unahamishiwa kwenye magari madogo, Mini tatu, nyekundu, nyeupe na bluu, na barabara zikiwa zimefungwa zinabaki njia ambazo si za magari. Mini zinashuka ngazi, zinapita kwenye baraza za maduka, zinapanda juu ya paa la kiwanda cha Fiat pale Lingotto, ambako kweli kulikuwa na barabara ya kujaribia magari. Timu ya Rémy Julienne, dereva Mfaransa wa michezo ya hatari, iliendesha yale magari kwelikweli, na unaliona gari likiinama na kuyumba kwa uzito wake.

Ya 2003 nayo inaharibu mataa, ya Los Angeles, ila foleni yake inahudumia lori moja tu, ili lisimame pale walipotega barabara ididimie. Wazo zuri, lakini mji wenyewe huujui. Nawapa heshima kwa Mini za umeme zilizotengenezwa maalumu kwa mbio za kwenye njia ya treni ya chini ya ardhi, kwa kuwa magari ya petroli hayakuruhusiwa mle.

Mwisho ndio unaozitenganisha kabisa. Ya 2003 inalipa kila deni: Steve anakabidhiwa kwa watu wabaya kuliko yeye, na kila mmoja anapata alichokiota. Ya 1969 inakuacha na basi linaloning'inia ukingoni mwa mlima, watu upande mmoja, dhahabu upande wa pili, na Charlie akisema ana wazo. Hatulisikii. Mwaka 2008 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilishindanisha watu watafute namna ya kuitoa dhahabu ile. Jibu lililoshinda lilihusu kuvunja vioo, kupunguza upepo wa tairi za mbele na kumwaga mafuta ya basi, kisha mtu mmoja ashuke akalete mawe. Itazame kwanza, halafu njoo utupe njia yako.