Ami, usiuze mikarafuu kwa ajili ya unesi wa Uingereza

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Pemba. Kuna sauti inazunguka kwenye simu za watu wa Wete na Chake. Inasema Uingereza wanataka manesi, cheti si lazima, mtu anasomeshwa bure huku analipwa, na yuko wakala ambaye akishapewa mamilioni yake kila kitu kinakwisha. Nimetumiwa na watu wengi, na kila mmoja anauliza lile lile: ni kweli? Ami yangu hata hakuuliza. Ana binti aliyemaliza kidato cha nne, mtoto ana akili mashallah, na ami ameshapata mtu wa kununua sehemu ya mikarafuu. Anangoja niseme ndiyo tu.

Sisemi ndiyo. Na naandika hapa mbele ya wote kwa sababu nimechoka kumjibu kila mtu peke yake halafu sauti ile ile inarudi tena kwa mdomo mwengine.

Mnaniona kwenye picha nimevaa sare ya uanafunzi wa unesi, mnasema "mbona wewe umeweza?" Mimi nilikuja kwa mume. Nikakaa, nikatunza wazee wa watu, nikasubiri mpaka nikapata ukaazi wa kudumu, na huo ukaazi ndio ulioniwezesha kulipa ada ya mwenyeji na kupata mkopo wa serikali ya hapa. Hiyo si njia ya kumuuzia mtu. Anayetoka Pemba na viza ya mwanafunzi analipa ada ya mgeni, ambayo inaipita kwa mbali ya mwenyeji. Juu yake kuna pauni 776 za huduma ya afya kwa kila mwaka wa viza, na zinatakiwa zote pamoja wakati wa kuomba, kabla hajapanda ndege. Kazi anaruhusiwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Mwenye wazazi matajiri ataweza. Sisi tunajuana.

Na hilo la kusomeshwa bure, chimbuko lake nalijua. Zamani wanafunzi wa unesi England walisomeshwa na serikali na kupewa posho. Wanaoanza tangu 2017 hawaipati tena. Mwaka 2020 ikarudishwa ruzuku ya pauni 5,000 kwa mwaka, lakini mgeni wa viza ya mwanafunzi hapewi. Tena ili usajiliwe kuwa nesi lazima utimize saa 2,300 za mazoezi wodini, na hazilipwi. Zamu ya saa 12, mchana au usiku, unageuza wagonjwa, unapima presha, unaandika, na mwisho wa mwezi kwa kazi hiyo hakuna kinachoingia. Wenzangu wengi darasani wakitoka wodini wanakwenda kwenye kazi nyengine ili walipe kodi ya chumba.

Sasa huyo wakala anauza nini? Si unesi. Alichokuwa akiuza ni karatasi ya mwajiri ya kuja kutunza wazee. Mlango huo ulifunguliwa Februari 2022, na kweli watu wengi waliingia. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024 mtunzaji akakatazwa kuja na mke, mume au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 kazi hiyo ikafungwa kabisa kwa wanaotoka nje ya nchi. Kwa hiyo anayekwambia leo "nafasi ipo, lipa nusu kwanza" anakuuzia kitu ambacho hakipo. Na hata pale ilipokuwepo, sheria ya hapa hairuhusu wakala kumtoza mfanyakazi pesa kwa kumtafutia kazi. Mkiombwa hela ya kazi, hapo hapo mjue.

Namjua dada mmoja wa kwetu, simtaji yeye wala kampuni yake. Familia iliuza. Akafika, kampuni ikampa zamu mbili, wiki ya pili hakuna, wiki ya tatu "subiri tutakupigia". Viza yake imefungwa na kampuni ile, kwa hiyo hana uhuru wa kwenda kutafuta kwengine vile anavyotaka. Halafu kampuni ikanyang'anywa leseni ya kuajiri wageni. Mtu akifikwa na hilo hupewa siku 60 apate mwajiri mwengine mwenye leseni au aondoke. Siku 60, katika nchi ambayo hujui hata pa kuteremka basi. Nyumbani kwao wakimpigia anasema alhamdulillah mzima, kwa sababu atasema nini, na mikarafuu imeshakwenda? Hizo alhamdulillah ndizo zinazogeuka sauti za kuzunguka kwenye simu.

Msinielewe vibaya kuhusu kazi yenyewe. Kumsafisha mzee wa watu, kumbadilisha nguo, kumlisha, si aibu, na mtu asimcheke anayefanya. Inaniuma kwa sababu nyengine, na ndiyo hasa iliyonifanya nikae kuandika.

Hapa nimekwenda na manesi wa mtaa wanaozunguka majumbani. Mama mmoja mzee ana kidonda cha kisukari mguuni. Nesi anakuja kwake kumsafisha na kumfunga, anapima, anaandika, kidonda kikibadilika anamwita mtaalamu. Kitanda cha kupanda na kushuka ameletewa nyumbani, na hakuna aliyemuuliza pesa. Bibi yangu yuko Konde, ana kisukari, na mguu wake ulianza vile vile. Kidonda chake alikuwa akikifunga mjukuu wa skuli. Kufika Chake ni kukodi gari, na akiambiwa aende Unguja, Mnazi Mmoja, ni boti, mtu wa kumfuata, pahala pa kulala, chakula. Dawa nyengine anaandikiwa akanunue dukani. Matibabu bure yalitangazwa kwetu tangu 1964, na mimi nimezaliwa nayo, naiheshimu sera hiyo, lakini kila mmoja wenu amewahi kushika kile kikaratasi cha dawa na kutafuta nani wa kumpigia simu.

Anayepigiwa ni mimi. Mnadhani pesa ninazotuma zinajenga nyumba. Hazijengi. Zinakwenda kwenye sindano za sukari, nauli ya boti, vipimo, na jirani ambaye siwezi kumwambia hapana kwa sababu alinilea. Natuma, na wakati natuma najua nalipia kwa mbali kazi ambayo mikono yangu ingeweza kuifanya pale pale Konde. Ikifika usiku ndiyo naifikiria zaidi.

Darasani tulifundishwa maneno ya daktari Julian Tudor Hart, aliyetibu wachimba makaa katika kijiji kimoja cha Wales. Mwaka 1971 aliandika kwamba huduma nzuri ya afya huwa haba pale inapohitajika zaidi. Aliwazungumzia Waingereza, na mpaka leo wanalo hilo: mamilioni ya watu wako kwenye foleni ya matibabu ya hospitali England, na wanawake weusi wanafariki kwa sababu za uzazi zaidi ya mara mbili ya weupe. Kwa hivyo hata hapa si pepo. Lakini mimi niliposoma maneno yale niliiona Micheweni, wilaya iliyo maskini kuliko zote Zanzibar, na nikawaona wasichana wake wenye akili ambao sauti ile inawaambia waondoke.

Haya, njia. Ami, nisikilize.

Mtoto aanze nyumbani. Kama matokeo yake ya Kemia, Baiolojia na Fizikia yamefaulu, aombe diploma ya uuguzi na ukunga. Miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, pale Mbweni wanasomesha, na vipo vyuo vya Bara. Akitaka digrii baadaye, Muhimbili ni miaka minne, na kwa digrii ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar. Akimaliza asajiliwe na Baraza la Wauguzi, afanye kazi, na kila karatasi aiweke: vyeti, matokeo ya kila mwaka, barua za kazi.

Nesi aliyesajiliwa kwao ana njia ya halali, na hiyo haina wakala. Anajiandikisha mwenyewe na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza. Kingereza, mtihani wa IELTS: alama 7 kusoma, kusikiliza na kuzungumza, 6.5 kuandika. Huo kuandika ndio unaowaangusha watu, aanze kuandika sasa hivi. Halafu mtihani wa kompyuta anaweza kuufanya akiwa hukohuko Afrika, na wa vitendo anaufanyia hapa. Baraza la kwao nalo lazima lithibitishe usajili wake. Akipita, anaanza kama nesi kamili, mshahara wa 2025 ulikuwa pauni 31,049 kwa mwaka kabla ya kodi, na viza yake haitozwi ile ada ya afya. Huyo hata mwajiri akimchezea ana pa kwenda.

Tena jueni hili: Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza kwa kanuni zake imewakataza waajiri na mawakala kwenda katika nchi hizo kuchukua manesi. Nesi akiomba mwenyewe ni haki yake. Lakini mtu akija Chake Chake kukusanya watu, anakiuka kanuni hizo hata kama amevaa tai.

Wengine mmeniuliza Ujerumani. Huko mafunzo ya unesi ya miaka mitatu yanalipwa kweli, hilo si uongo. Ila yote ni kwa Kijerumani, darasani na kwa mgonjwa, na lugha ya kufikia hapo haipatikani kwa miezi miwili ya kusikiliza video. Mwenye moyo wa kukaa na lugha mwaka mzima au zaidi, ajaribu. Simzuii.

Na sasa nitasema jengine, na mtaona linapingana na yote niliyosema. Akimaliza hiyo diploma, natamani abaki. Natamani awepo kituo cha afya cha Konde, au Micheweni, au hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, awe nesi anayejua kidonda cha kisukari kabla hakijafika mfupani, na anayezungumza na bibi kwa Kipemba chake. Wachina wanatuletea madaktari tangu 1964, Mungu awalipe, lakini watoto wetu tunawapeleka wapi? Halafu najiuliza nani mimi wa kumwambia abaki, nami niko huku. Akitaka kuja, aje, nitampokea uwanja wa ndege na atalala kwangu. Ila aje akiwa nesi kamili. Asije na deni la mikarafuu, kwa sababu deni hilo litamtuma afanye zamu mpaka augue.

Wanawake wenzangu mlioolewa huku, mnaotuma picha za maduka na theluji, tumeni na karatasi ya mshahara siku moja, na bili ya gesi ya Januari. Mnajua mnachokificha.

Ami, huyo mnunuzi mwambie hapana leo. Nipigie picha cheti cha matokeo cha mdogo wangu, pande zote mbili, nikione mwenyewe. Fomu za chuo tutazijaza pamoja kwa simu. Ada ya mwaka wa kwanza tugawane, wewe nusu mimi nusu, na karafuu za msimu huu zikitosha nusu yako, mti haukatwi wala hauuzwi. Na bibi akienda kufungwa kidonda, mtoto afuatane naye, aangalie nesi anavyofanya, ajue kama kazi hii anaitaka.