Shangazi, huo mkate mweusi jina lake ni tusi

Shikamoo shangazi. Umeniuliza kwenye kundi la familia kama ni kweli huku Münster, Ujerumani, tunakula mkate mweusi kama udongo wa mfinyanzi, na hilo jina Pumpernickel maana yake nini. Nakujibu bila kuficha.

Ni kweli. Wajerumani wengi jioni hawapiki. Mlo wenyewe wanauita Abendbrot, yaani mkate wa jioni: mkate, jibini, soseji, basi. Mwezi wangu wa kwanza jirani alinialika, nikala vipande viwili huku nikingoja chakula kije. Hakikuja. Nilirudi chumbani nikasonga ugali saa nne usiku, machozi yakinitoka. Nilidhani nimedharauliwa, kumbe nilikaribishwa kwa moyo wote.

Sasa jina. Niwie radhi shangazi, maana nakutajia jambo lisilotajwa mbele ya wakubwa. Pumpern, kwa Kijerumani cha zamani, ni kujamba. Si kushuta kimyakimya, kujamba hasa. Nickel ni kifupi cha Nikolaus, lakini watu walimwita hivyo pia pepo mtukutu, au mtu mshamba. Hata madini ya nikeli yalipata jina humo: wachimbaji waliona mawe yanayofanana na ya shaba, wakayayeyusha wasipate shaba, wakamlaumu huyo pepo. Basi Pumpernickel lilikuwa tusi la kumwita mtu asiye na adabu kabla halijahamia kwenye mkate wa wakulima wa eneo letu hili, Westfalen.

Wapo watakaokusimulia kwamba Napoleon aliuonja akasema kwa Kifaransa, "bon pour Nickel", unamfaa farasi wangu Nickel. Usiwaamini. Neno lilikuwepo hata kabla Napoleon hajazaliwa mwaka 1769.

Mkate wenyewe ni wa Roggen, nafaka jamaa ya ngano, iliyosagwa chengachenga. Huokwa kwa moto mdogo saa 16 na zaidi, na weusi wake unatoka humo tanurini. Unakaa muda mrefu bila kuharibika, ndiyo maana uliwafaa maskini. Na wajukuu wao hawakulificha lile jina. Wameliandika kwa herufi kubwa kwenye pakiti. Hilo ndilo lililonifanya niupende.

Nikija Desemba nitakuletea. Uukate mwembamba, upake siagi. Usiuchovye kwenye chai.